Pangani Iliyobomolewa Mara Mbili

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa mbalimbali, Kutus, Kirinyaga)

Tumetoka Nairobi alfajiri, tumefika salama, na chai ya akina mama imetuondolea uchovu wa njia.

Mlitualika tuseme juu ya ardhi na nyumba za umma. Tumeona afadhali tusianze na vifungu vya sheria, maana vifungu huleta usingizi baada ya chai. Twaanza na karatasi.

Mmoja wenu alitukabidhi tangazo alilopewa katika stendi ya matatu. Ni karatasi ya kung'aa, yenye picha za rangi. Inatangaza fleti ya kifahari inayouzwa Nairobi, upande wa Pangani. Vyumba vitatu vya kulala, kila kimoja na bafu lake, lifti mbili, jenereta ya kuwaka stima ikipotea, maji ya kisima, bwawa la kuogelea, walinzi usiku na mchana. Jina la kampuni hatutalitaja, kwa kuwa hatuna ugomvi nayo, na karatasi za namna hiyo ni nyingi kama majani ya mchai. Aliyetupa alituuliza swali moja tu. Yeye na mkewe wameweka akiba miaka mingi katika chama cha akiba na mikopo, mtoto wao anafanya kazi Nairobi, na wangependa kujua: je, wanunue?

Tutamjibu. Lakini kwanza tazameni maneno yaliyochapwa chini ya picha. Yasema fleti hiyo imo katika "mtaa wa kihistoria uliofufuliwa". Sisi watu wa kanisa neno kufufuka twalijua vizuri kuliko wauza nyumba. Lazaro alipoitwa kaburini, aliyetoka ni Lazaro yuleyule, na sanda zake bado zimemfunga. Hakutoka mtu mwingine aliyevaa vizuri zaidi. Basi mtu akituambia kwamba mtaa umefufuliwa, tuna haki ya kuuliza: waliokuwa wakiishi humo wakati mnaosema ulikuwa umekufa, wako wapi leo?

Pangani ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo, kwa sababu Pangani imebomolewa mara mbili.

Pangani ya kwanza ilikuwa kijiji cha Waafrika kando ya mji mchanga wa Nairobi, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Wakati huo reli ilikuwa imefika, wafanyakazi wakawa wengi, na serikali ya kikoloni haikutaka kuwajengea mahali pa kulala. Watu wakajijengea. Palikuwa na vijiji kadhaa vya namna hiyo: Pangani, Mombasa, Maskini, Kileleshwa. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, za mtindo wa pwani, vyumba vikitazamana kwenye ushoroba mmoja. Wenye nyumba walikuwa Waislamu kutoka pwani, Wanubi, Wakikuyu, na makabila mengine. Na jambo ambalo historia za mashujaa hulipita upesi ni kwamba wenye nyumba si wachache walikuwa wanawake. Mwanamke aliyekimbia ndoa mbaya au njaa huku milimani, ambaye kwa desturi zetu hangeweza kurithi hata kipande cha shamba la baba yake, aliweza kujenga nyumba Pangani, akapangisha vyumba, akawa mtu mwenye sauti. Tukubali hilo hata kama latuchoma. Mji ulimpa yule mama kitu ambacho nyumbani tulimnyima.

Halmashauri ya mji haikuupenda mtaa huo. Ilisema ni mchafu, waleta maradhi, wahifadhi wahalifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikatenga mahali papya, Pumwani, ili Waafrika wote waishi hapo chini ya macho yake. Vijiji vingine vikavunjwa. Pangani ikang'ang'ania hadi mwisho wa miaka ya 1930, ndipo nayo ikabomolewa, na watu wake wakahamishiwa nyumba mpya za halmashauri. Mtaa huo mpya ukaitwa Shauri Moyo. Wazee wa Eastlands husimulia kwamba jina hilo latokana na jibu walilopewa waliohamishwa: ukitaka nenda, hutaki shauri yako, shauri ya moyo wako. Jambo lililobadilika wakati ule halikuwa kuta peke yake. Aliyekuwa mwenye nyumba Pangani aligeuka kuwa mtu aliyewekwa katika nyumba ya halmashauri, ambayo hangeweza kuwaachia watoto wake kama mali. Na ardhi ya Pangani, baada ya kusafishwa, ikajengwa makazi ya watu wengine wenye uwezo zaidi.

Huo ndio ufufuo wa kwanza.

Miaka ikapita. Mkoloni akaondoka, halmashauri ikabaki na nyumba zake. Katika Pangani mpya palikuwa na mtaa mdogo wa halmashauri ya jiji, nyumba 48 tu, zenye paa la vigae na nafasi ya kupanda sukuma wiki nyuma ya jikoni. Waliokaa humo walikuwa wapangaji. Wengine walizaliwa humo, wakaoa na kuolewa humo, wakazika wazazi wao wakitokea humo. Katika miaka ya 2010 Serikali ya Kaunti ya Nairobi, iliyoirithi halmashauri baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, ilitangaza mpango wa kuijenga upya mitaa yake ya zamani: Pangani, Ngara, Jeevanjee, Uhuru na mingineyo. Kaunti itoe ardhi, mwekezaji binafsi atoe fedha; majengo marefu yasimame; sehemu ya nyumba ziuzwe kwa bei nafuu, sehemu nyingine mwekezaji aziuze kwa bei ya soko arudishe gharama na faida yake. Mwaka 2020 nyumba 48 za Pangani zilibomolewa, na mahali pake pakapangiwa nyumba zaidi ya elfu moja.

Tuseme ukweli wote, maana harakati inayoficha nusu ya ukweli haitofautiani na ile serikali tuliyoipinga. Wapangaji wale 48 hawakutupwa barabarani. Kila familia ilipewa shilingi 600,000 za kupanga mahali pengine wakati wa ujenzi, na ahadi ya kupewa nafasi ya kwanza kununua katika majengo mapya. Ukilinganisha na tuliyoyaona Nairobi kabla ya hapo, hiyo ni hatua kubwa. Tena hatusemi kwamba nyumba kuukuu zisibomolewe kamwe. Mara nyingi anayesifu uzuri wa mtaa wa zamani ni yule ambaye halazimiki kupanga foleni chooni. Jiji lina watu wengi mno, na nyumba 48 juu ya ardhi inayoweza kubeba elfu moja ni jambo gumu kulitetea mbele ya kijana anayelala wanne katika chumba kimoja cha mabati.

Ugomvi wetu uko mahali pengine, na hapa twaomba mtuvumilie kidogo, kwa kuwa watu wa Kutus mtauelewa kuliko watu wa Nairobi wenyewe.

Ninyi mna Mwea. Mashamba yale ya mpunga yalianzishwa katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa jasho la waliozuiliwa kambini. Baada ya uhuru yakawekwa chini ya Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji. Mkulima hakuwa na hatimiliki. Alikuwa na leseni. Aliitwa mpangaji. Ekari zake alizilima kwa amri, mpunga wake aliupeleka kwa bodi kwa bei iliyopangwa na bodi, akabakiziwa magunia machache ya kula. Aliruhusiwa kumtaja mtu mmoja wa kumrithi, na wale watoto wengine wakajitafutie. Akikosa kutimiza masharti angeweza kuondolewa, hata kama mifereji ile ilichimbwa kwa mikono ya baba yake. Wazee mlio hapa mnajua jinsi mambo yalivyofika mwaka 1998 na 1999, wakulima walipokataa kupeleka mpunga kwa bodi na kuupeleka kwa chama chao cha ushirika, na damu ya vijana ikamwagika.

Swali la Mwea lilikuwa: mtu aliyelima mahali miaka 40, akalipa kila alichotakiwa kulipa, je, hana chochote zaidi ya mgeni aliyefika jana? Mlijibu kwamba anacho. Basi mpangaji wa Pangani, wa Shauri Moyo, wa Kaloleni, wa Makongeni, anauliza swali hilohilo. Amelipa kodi miaka 40 au 50. Kodi hiyo ilikwisha kuijenga nyumba ile mara kadhaa, ingawa halmashauri haikurudisha hata rangi ukutani. Siku ardhi inapopata thamani anaambiwa kwamba yeye ni mpangaji tu. Uchakavu wa mtaa wahesabiwa kuwa wake, na thamani yake yahesabiwa kuwa ya mwingine. Wakulima wa Mwea wangelikubali hesabu hiyo?

Tena ile ardhi si ya gavana, wala si ya waziri, wala si ya mwekezaji. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi ya umma ya namna hiyo imewekwa mikononi mwa serikali ya kaunti kama amana, kwa niaba ya watu wakaao katika kaunti hiyo, na husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Mlinzi wa amana akiiuza kwa bei ya soko, awaeleze wenye mali amepata nini. Ni fleti ngapi za bei nafuu, na ngapi za anasa? Nani alipewa hizo za bei nafuu, na majina yake yalibandikwa wapi? Wakongwe wa harakati wanakumbuka majengo ya Nyayo Highrise kando ya Kibera: yalijengwa mahali palipokuwa na vibanda vya maskini, lakini waliobomolewa vibanda sio walioingia humo. Wanakumbuka pia ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004, iliyokadiria kwamba hati zipatazo 200,000 za ardhi zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002. Mageuzi ya vyama vingi yalikuja mwaka 1991, na unyakuzi haukukoma wala haukupungua. Katika miaka ya 1990 ulinenepa, kwa kuwa kila uchaguzi ulihitaji marafiki, na marafiki walilipwa kwa viwanja. Twalisema hili kwa aibu. Tulidhani tukipata kura tumepata yote.

Kwa nini harakati yetu, ambayo kazi yake ni katiba na uchaguzi, ijishughulishe na fleti? Tazameni ramani. Watu waliohamishwa Pangani walipelekwa Shauri Moyo, na kando ya Shauri Moyo ndipo uwanja wa Kamukunji ulipo. Hatua chache kutoka hapo ni Kaloleni, ambako katika ukumbi wa mtaa, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama katika mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi akadai uhuru kamili wa nchi hizi mara moja. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekamatwa. Mei 25, 1990, askari walibomoa vibanda vya Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos. Watu walipigwa, viongozi wa makanisa wakalaani hadharani. Wiki sita baadaye, Julai 7, siku ya Saba Saba, watu wakaenda Kamukunji ijapokuwa mkutano ulikuwa umepigwa marufuku, na Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini. Walioufikia uwanja ule wengi hawakuja kwa basi. Walitembea kutoka Majengo, Shauri Moyo, Gikomba, Bahati. Walikuwa majirani wa uwanja.

Hatukusikia mtu yeyote akisema kwamba mitaa hii ilibuniwa iwe chuo cha siasa. Ilitokea hivyo kwa sababu watu waliishi karibu, walichota maji pamoja, walikuwa na ukumbi mmoja ambao halmashauri iliwajengea ili wacheze dansi na wasifikirie mambo mengine. Katika ile karatasi ya kung'aa kuna bwawa la kuogelea. Ukumbi wa mkutano haumo.

Hapa Kirinyaga hamhitaji kufundishwa maana ya jirani. Aprili 1989, genge lilipoivamia nyumba ya Askofu David Gitari usiku kwa sababu ya mahubiri yake, kilichomwokoa hakikuwa polisi. Alipiga mayowe na majirani wakaja. Mtaa ni hao waliokuja.

Sasa turudi katika Biblia, na mchungaji atatusahihisha tukikosea. Habari ya Nabothi, katika 1 Wafalme sura ya 21, tumeisikia mara nyingi ikihubiriwa juu ya wanyakuzi. Lakini kuna jambo humo ambalo huwa tunaliruka. Ahabu hakuanza kwa kunyakua. Alianza kwa kutoa bei. Alimwahidi Nabothi shamba lingine bora zaidi, au akipenda, thamani yake kwa fedha. Leo tungeiita fidia kamili na ya haki. Nabothi alikataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake, na baada ya kukataa ndipo ukaja ushahidi wa uongo na mawe. Basi mtu akituambia, "Lakini walilipwa," tumjibu kwa upole kwamba hata Ahabu alitaka kulipa. Kipimo chake ni hiki: je, Nabothi aliweza kusema hapana na bado akaamka kesho yake akiwa hai?

Twajua ulinganisho huu una kasoro. Nabothi alikuwa na urithi. Mpangaji wa Pangani ana risiti. Hata hivyo mahakama zetu zimeanza kuziona risiti hizo, na jambo hilo halijahubiriwa vya kutosha. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, walianza kufurushwa. Nyumba zilikuwa za mfuko wa pensheni wa wastaafu wa reli, uliotaka kujenga kitu chenye faida zaidi. Wapangaji wakaenda mahakamani. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba namna walivyofurushwa ilikiuka haki yao ya makao, akaagiza pande zote zikae na kupanga utaratibu wa watu kuondoka kwa heshima. Alisikitika pia kwamba nchi haikuwa na sheria ya kufurusha watu. Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ikarekebishwa, na sasa anayeondolewa apewe notisi ya miezi mitatu kwa maandishi. Kisha Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell, ikasema kwamba watu waliokaa muda mrefu juu ya ardhi ya umma, wakajenga makao na kulea watoto hapo, wanapata haki ya ulinzi hata kama hawana hati. Ni watu wa vibanda karibu na uwanja wa ndege wa Wilson waliolipatia taifa uamuzi huo, baada ya kukaa mahakamani karibu miaka kumi.

Kwa hiyo mpangaji wa halmashauri hana umiliki, lakini si mtu wa kufagiliwa. Kati ya hayo mawili ndipo kazi yetu ilipo.

Juu ya ushuru wa nyumba tuseme machache, kwa kuwa mmekwisha kusikia kelele za kutosha. Mahakama Kuu iliukataa Novemba 2023. Serikali ikaleta Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi Machi 2024, na ushuru ukarudi. Mwalimu wa hapa Kutus apataye shilingi 40,000 kwa mwezi hukatwa 600, na mwajiri wake huongeza 600. Sheria hiyo imewapanga watu kwa mapato: aliye chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ana nyumba za jamii, aliye kati ya 20,000 na 149,000 ana nyumba za bei nafuu, na aliye juu ya hapo ana zake. Mwalimu huyo basi si mtazamaji wa mambo ya Nairobi. Analipa. Ana haki ya kuuliza orodha ya waliopewa nyumba, kama vile anavyouliza hesabu za sadaka.

Sasa tumjibu ndugu yetu wa karatasi, maana tumemngojesha.

Ndugu, kununua nyumba si dhambi. Akiba yako si ya wizi, na hatutakuambia ukae maskini ili sisi tujisikie wema. Lakini usilipe kitu kwa sababu ya picha. Kwanza mwambie wakili wako, si wakili wa muuzaji, akafanye upekuzi wa hati ya ardhi yote ambayo jengo limesimama juu yake. Ardhi nyingi ya Nairobi ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka maalum, mara nyingi 99. Uliza imebaki mingapi. Ikiwa imebaki 20, unanunua miaka 20, hata kama lifti ni mpya. Uliza kama hati hiyo imewekwa rehani benki na mwekezaji ili apate fedha za ujenzi. Ikiwa imewekwa, uone kwa maandishi kwamba benki itaachilia sehemu yako ukimaliza kulipa. Watu wamelipa hadi shilingi ya mwisho, kisha wakaona jengo lapigwa mnada kwa deni la mtu mwingine.

Pili, uliza juu ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020. Zamani mnunuzi wa fleti alipata mkataba mdogo wa kukodisha, na ardhi ikabaki kwa kampuni. Sheria hiyo yataka kila fleti iwe na hati yake, na ngazi, paa, maegesho na uwanja viwe mali ya wenye fleti wote kwa mafungu, wakiwa na shirika lao la kuviendesha. Muuzaji akisema hati za sehemu zitakuja baadaye, mwulize baadaye ni lini, na fedha zako zitakaa kwa nani hadi siku hiyo. Kumbuka pia ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4: fleti ya shilingi milioni 12 yadai 480,000 zaidi ambazo hazimo katika karatasi. Na ile lifti, ile jenereta, wale walinzi, utawalipia kila mwezi, uwe umepata mpangaji au hujapata.

Tatu, na hili wakili hatakuambia. Uliza mahali pale palikuwa na nini. Kama palikuwa na mtaa wa umma, uliza waliokaa humo walikwenda wapi, na kama waliahidiwa nafasi, je, walipewa? Huulizi ili ujihukumu. Unauliza kwa sababu hati iliyotokana na dhuluma haina amani. Ripoti za tume huja, serikali hubadilika, na mnunuzi wa mwisho ndiye hukutwa mlangoni. Tena unauliza kwa sababu wewe ni mzee wa kanisa, na Isaya, sura ya 5, aliwaonya waunganishao nyumba na nyumba hata nafasi ya wengine ikaisha. Ukipata majibu mazuri, nunua, na ututumie habari. Tutafurahi kunywa chai kwako ghorofa ya tisa.

Kuna mama mmoja hapa, ameketi karibu na dirisha, ambaye kabla ya mkutano alituambia kwa sauti ndogo kwamba binti yake amepanga katika mtaa mmoja wa zamani wa Nairobi, na kwamba maafisa wamepita wakiweka alama za rangi nyekundu milangoni. Alituuliza kama ile karatasi ya fleti ni ya mahali hapo. Hatukujua la kumjibu, na bado hatujui. Ukumbi mmoja, mnunuzi na mpangaji, wote waumini, wote wenye haki ya kuwa na makao. Twawaomba hao wawili wasitoke leo kabla hawajasalimiana.

Nasi twawaachia kazi. Yeyote mwenye mtoto au ndugu aliyepanga katika nyumba za kaunti au za reli, iwe Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Starehe, Jericho au kwingineko, amwombe nakala ya kadi yake ya nyumba, risiti zake za kodi tangu za zamani kabisa, na barua yoyote ya notisi. Zisikae Nairobi peke yake, maana nyumba ikibomolewa usiku, karatasi huenda na matofali. Zileteni hapa kanisani kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Karani wa ushirika amekubali kuziandika katika daftari na kuzitunza kabatini. Tumekuja na mawakili wawili wa kujitolea, wamekaa pale mezani nyuma, hawatozi kitu. Mama wa dirishani, tafadhali, anza wewe.